Msiba wa Mheshimiwa Lukanzo

Ilikuwako nchi, na anayesema haikuwako aeleze yeye alikuwa wapi. Jina lake nimelifunga kwenye pindo la kanga, maana wakubwa wa huko husoma pale tu wanapotajwa.

Katika nchi hiyo joto lilipigwa marufuku. Mvua zilikuwa zimetoroka, ng'ombe wanatembea mbavu nje kama vitanda visivyo na godoro, na Wizara ya Michezo, Hali ya Hewa na Adabu ikaona sasa imezidi. Ikatangaza redioni kwamba mwananchi anayelalamika joto anaisema vibaya hewa ya taifa, na anayetokwa na jasho hadharani aeleze ana wasiwasi gani. Vipimajoto vya shule vikafungwa uzi mwekundu katikati, zebaki ikaamriwa isivuke. Wanafunzi wakajifunza kwamba hata hewa ikilelewa vizuri inakuwa na nidhamu.

Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Lukanzo, mtu mpana, shingo imejikunja kama soksi. Huyu alikuwa na kiti. Kiti chekundu cha mahameli, miguu yake imepakwa rangi ya dhahabu, na kila alipokwenda kilikwenda: harusini, hospitalini, shambani alikokwenda kupigwa picha ameshika jembe. Kilibebwa na Bwana Tindwa, kijana wa shahada mbili, cheo chake Afisa Kiti Mwandamizi. "Makalio ya dola hayagusi ardhi," Mheshimiwa alikuwa akisema, na watu wakipiga makofi, kwa sababu ardhi haikuwa na mwakilishi.

Uwaziri aliupata kwa machozi. Waziri wa kabla yake alitoroka mkeka wa matanga ya mama mkwe wake akaenda kutazama mpira. Lukanzo, wakati huo mbunge tu, akalia bungeni hadi kipaza sauti kikapata maji, na hapo hapo ikapita Sheria ya Heshima kwa Marehemu: mtu akijitangaza mfiwa mbele ya watu, kisha akainuka mkekani kabla matanga hayajaanuliwa, cheo chake kimeanguka, wala haruhusiwi kukiokota. Waziri wa zamani akatoka, Lukanzo akaingia na kiti chake. Tangu siku hiyo hakukosa msiba. Machozi alimwaga, umfiwa hakuuchukua hata mara moja.

Sasa, huko Bondeni kulikuwa na bibi akiitwa Bi Somoe. Alikuwa na mguu mmoja wenye baridi yabisi, ulimi usio na ugonjwa wowote, na shamba la magimbi kando ya chemchemi ya Kitutu. Maji ya Kitutu yalitoka ardhini bila kuombwa na ofisi yoyote. Mbegu ya magimbi yale aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na mama yake. Haikuwa ya dukani, na siku itakayokauka, imekwisha. Kwenye tope la chemchemi alikaa kambare mmoja wa zamani, masharubu kama ya karani wa forodha, ambaye Bi Somoe alimsalimia kila asubuhi kwa kuwa hakuwa na mume wa kumsalimia.

Kisha likaja Kombe la Mazingira. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja kuivisha nchi nishani ya kutunza mazingira, na nishani ingetolewa siku ya fainali, katika Uwanja wa Msitu. Uwanja uliitwa hivyo kwa heshima ya msitu uliokatwa ili ujengwe. Mfadhili alikuwa Kampuni ya Makaa ya Mawe. Kitu kimoja tu kilikuwa kinatia aibu: nyasi za uwanja zilikuwa zimekauka kama nywele za kwenye ufagio. Mheshimiwa akaamuru bomba. Bomba likatoka uwanjani, likapita vijiji vyenye kiu bila kusalimia, likaingia Kitutu mdomo mbele, likaanza kunyonya.

Nyasi zikawa kijani. Magimbi yakainamisha masikio.

*

Bi Somoe akajitwika ndoo yake tupu akaenda wizarani. Akamkuta Mheshimiwa anashuka ngazi, Tindwa nyuma yake na kiti kichwani.

"Bibi, shida yako?"

"Shikamoo mwanangu," akasema Bi Somoe, ingawa ni yeye aliyestahili kuamkiwa. "Nimefuata maji yangu."

"Maji yako? Uliyazaa wewe?"

Ofisi nzima ikacheka kwa mpangilio wa vyeo, wakubwa kwanza, wadogo baadaye.

"Magimbi yangu yanakufa, baba. Ile mbegu ya mama yangu."

"Mimi si wingu, bibi. Tena umekuja wakati mzuri, nashughulikia jambo lako sasa hivi. Kaa chini hapo, nakuja."

Akamwonyesha saruji, palipokuwa na jua lote la mtaa ule. Bi Somoe akakaa. Mheshimiwa akaingia kwa mlango wa mbele, akatokea wa nyuma, akaenda zake. Bibi alikaa hadi mlinzi akafagia kuzunguka miguu yake, na mwishowe akamfagia na yeye. Ndoo ilikamatwa kwa kuwa kifaa cha kudai maji, ikatiwa mahabusu pamoja na mwizi wa kuku.

Alirudi nyumbani anatembea upandeupande, sehemu yake ya kukalia imeiva kama chapati. Usiulize kama alilia. Alikaa kwenye kizingiti, yaani alijaribu kukaa, akashindwa, akasimama, akaapa:

"Haki ya Mungu, mtu yule atakaa chini. Nami nitakaposema ainuke, ndipo atakapoinuka."

*

Si yeye peke yake aliyekuwa na uchungu. Siku ya nusu fainali, timu ya Bondeni na nyingine ya mji wa bandari, vijana waliovaa fulana za kijani waliruka uzio wakajilaza katikati ya uwanja. Mmoja alijigandisha kwenye nguzo ya goli kwa gundi ya viatu. Bango lao lilisema: NYASI ZINAKUNYWA, WATU WANATAZAMA.

Bi Somoe alikuwa dukani, redio imewekwa juu ya gunia la chumvi, akinamama wameizunguka.

Maneno ya vijana yalikuwa ya kweli tupu. Tatizo ni kwamba waliyasema wakati Bondeni wamepewa penalti.

"Waondoeni mbwa hao!" akapiga kelele mama mmoja dukani, ambaye kisima chake kilikuwa kimekauka na alikuwa ananawa uso kwa kitambaa. "Dunia ikitaka kwisha na iishe, lakini penalti ipigwe kwanza!"

Uwanjani, mtu ambaye mbuzi wake wote walikufa kwa kiu aliwarushia vijana kiatu kimoja, na hakuwa na jozi nyingine. Polisi waliwavuta. Yule wa gundi alitoka pamoja na nguzo. Wote wawili walipandishwa karandinga, nguzo ikaandikiwa maelezo kituoni. Penalti ikapigwa kwenye goli la nguzo moja, ikaingia, na nchi nzima ikasahau kiu kwa furaha. Mheshimiwa Lukanzo akahojiwa akasema waandamanaji ni maadui wa nyasi.

"Watoto wazuri," Bi Somoe akasema anajifunga kanga. "Ila hawawajui watu wao. Nchi hii mpira hausimamishwi na mtu aliye hai."

Hakuna aliyemuuliza maana yake, kwa sababu kipindi cha pili kilikuwa kinaanza.

Maana yake alikuwa ameiona wiki iliyotangulia, alipokufa mzee muuza mihogo. Jeneza lilikatiza barabara kuu, na msafara wa Mheshimiwa, wenye ving'ora na pikipiki, ukasimama kama mtoto aliyekaripiwa. Ndiyo desturi ya nchi ile: maiti akipita, kila kitu kinasimama. Tena kila mwanamume hukimbilia kutia bega, hata kama hamjui marehemu. Hubeba kwanza, jina huuliza baadaye, maana kuuliza kwanza ni kama kupima kama maiti anastahili. Polisi wa msafara walitupa virungu wakatia bega. Mheshimiwa alilia akiwa kitini. Watani wa marehemu, watu wa Mlimani, waliingia na utani wao: wakavaa suruali zake, wakamwita mvivu aliyekufa ili asilime, na hakuna aliyethubutu kununa, kwa sababu mtani msibani hashitakiwi wala hanyimwi kitu. Mwisho matanga yakaanuliwa kama yanavyoanuliwa siku zote, kwa chakula kilichotoka shamba la marehemu mwenyewe. Walikula mihogo, wafiwa wakainuka mkekani, basi.

Bi Somoe alikula mihogo yake polepole sana siku ile.

Aliporudi Kitutu kutoka dukani, tope lilikuwa limepasuka vipande. Katikati yake amelala kambare, masharubu yameelekea kwenye bomba.

*

Bi Nambaya alikuwa mwanamke wa Mlimani, mtani wa Bi Somoe tangu wote wana meno. Sauti yake ilitumika kuitia mbuzi wa vijiji vitatu.

"We mla vyura wa Bondeni, hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani, mbeba kuni wewe? Nimepata msiba."

Bi Nambaya akaacha kucheka. "Nani?"

Bi Somoe akamweleza. Alipofika kwa kambare, Bi Nambaya akashika kiuno. Alipofika kwa jeneza, akakaa chini. Alipofika kwa Mheshimiwa na mkeka, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanaruka.

"Somoe, watatufunga."

"Wewe mtani, nani atakufunga? Mimi wakinifunga nitakaa na ndoo yangu."

"Na mpira? Watu watatuua!"

"Hawatatuua. Watatubebea."

Wakamlaza kambare kwenye jeneza la kijiji. Wakamzungushia tope lake lililokauka na mashina ya magimbi yaliyokufa. Yale machache yaliyokuwa bado yanapumua Bi Somoe aliyaacha ndani ya chungu chenye majimaji ya kuoshea vyombo. Juu wakatandika shuka la kijani. Jua la asubuhi ile ya fainali lilikuwa limevuka uzi mwekundu wa serikali bila haya, na walipofika njia ya uwanja kambare alikuwa ameanza kuongea na pua za watu.

Wanawake wa Bondeni walifuata nyuma wanaimba kwa huzuni, na huzuni haikuwa ya kuigiza. Kila mmoja alikuwa na kisima chake cha kulilia.

Getini walisimama polisi, ngao mbele, wakiongozwa na Afande Shilinde, aliyeapishwa asipitishe hata bango la harusi. Akainua mkono asimamishe. Akaona jeneza. Mkono ule ule ukavua kofia.

"Poleni, mama zangu. Mnapita wapi?"

"Njia yetu ya makaburini ndiyo hii hii, baba. Uwanja ndio umeikalia."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Afande akanusa, akaona maiti amekawia sana, akawageukia vijana wake: "Mnangoja nini? Tieni mabega!"

Ngao zikalazwa chini, na jeneza likaingia Uwanja wa Msitu juu ya mabega ya Kikosi cha Kuzuia Fujo.

Mpira ulikuwa Bondeni moja, Mlimani moja. Mwamuzi akapuliza kipenga, akakitema, akakimbilia kutia bega. Wachezaji wakafuata. Kisha majukwaa yakamwagika. Mashabiki wa Bondeni hawakutaka kuona wa Mlimani wamebeba zaidi, wa Mlimani hawakutaka kudhulumiwa, ikawa vuta nikuvute. Yule mtu aliyerusha kiatu alibeba akiwa na mguu mmoja peku. Wageni wa ng'ambo walidhani ni ngoma ya mapumziko. Walipiga makofi kwa ustaarabu, leso puani.

Jeneza likatuliwa katikati, kwenye duara jeupe, juu ya nyasi zilizolewa maji.

*

Mheshimiwa Lukanzo alikuwa jukwaa kuu, kitini. Kamera zote zilikuwa kwenye jeneza, na yeye hakuwa kwenye jeneza. Hali hiyo hakuizoea. Akashuka mbio, Tindwa na kiti nyuma yake. Lakini kipaza sauti alikikuta tayari kimo mikononi mwa Meya Ngalapa, mtu mwembamba aliyeutamani uwaziri hadi usingizini.

"Marehemu huyu," Meya alikuwa akisema, "kwangu alikuwa kama mama mdogo."

Mheshimiwa akampokonya. "Kwangu alikuwa kama mama mzazi!"

Meya akanyakua. "Alininywesha nikiwa mchanga!"

Bi Somoe, aliyesimama karibu na kichwa cha jeneza, akajiuma midomo, maana hilo lilikuwa la kweli: Meya alizaliwa Bondeni.

"Mimi nilikunywa zaidi!" Mheshimiwa akanguruma. "Hakuna mtu katika nchi hii aliyefaidi matunda ya marehemu kuliko mimi!"

Hilo nalo lilikuwa kweli, na zaidi.

Hapo Bi Nambaya akaitoa ile sauti ya mbuzi. "Wakubwa nyie mna midomo mirefu kama mabomba! Kulia mnalia, mkekani hamkai. Aliyefiwa ni nani hapa? Au tumpe Meya?"

Meya akafungua mdomo. Mheshimiwa akaona uwaziri unafungua mdomo, machozi yakamtoka kabla ya akili.

"Mfiwa ni mimi!" akalia. "Mimi Lukanzo, mbele ya taifa na wageni! Msiba huu ni wangu, na nitakaa nao hadi mwisho!"

Watu wakapiga makofi. Bi Nambaya akasubiri yaishe, kwa sababu ana heshima. Kisha akavuta shuka.

Kambare alilala pale, mdomo wazi, kama na yeye alikuwa anataka kipaza sauti.

"Marehemu ni chemchemi ya Kitutu," Bi Somoe akasema. Hakuwa na sauti kubwa, lakini uwanja mzima ulikuwa umejikunja kusikiliza. "Alikuwa hana ugonjwa. Alinyonywa na bomba linalokuja hapa, mkayakanyaga maji yake leo kwa njumu. Huyo ni mtu wake wa mwisho. Asante kwa kumbeba."

Watu wakatazamana kama waliojikwaa mbele ya wakwe. Wangeweza kumrushia viatu; mikono ilishaanza kushuka kuelekea miguuni. Lakini harufu ya kambare ilikuwa mabegani mwao. Walikwisha kubeba, na aliyebeba hamtukani maiti wake. Yule mwenye kiatu kimoja ndiye aliyeanza: alikaa chini kwenye nyasi akalia mbuzi wake, mmoja mmoja, kwa majina. Halafu kicheko kikaanza upande wa Mlimani, kikazunguka uwanja, kikarudi kikiwa kikubwa, na chote kilikuwa kinamtazama mtu mmoja.

"Haya ni maandamano!" Mheshimiwa akapiga kelele. "Afande, kamata waliolileta hili jeneza!"

Afande Shilinde akajipangusa bega. "Nimelileta mimi, Mheshimiwa. Na kikosi. Na timu zote mbili. Nikamate kuanzia wapi?"

"Basi mimi naondoka!"

"Ondoka, ndugu yangu, ondoka," Meya Ngalapa akasema kwa upole mkubwa, tayari anarekebisha tai. "Sheria ya Heshima kwa Marehemu unaijua kuliko sisi."

Mheshimiwa akarudi kwenye kiti chake akae afikirie. Kiti hakikuwepo. Kilikuwa kichwani kwa Bi Nambaya, kinatoka getini.

"Mtani hanyimwi!" akasema bila kugeuka.

*

Wakamzika kambare Kitutu, wakamtandikia mfiwa mkeka kando ya kaburi. Hakuna kivuli pale. Miti ilikwishakuwa uwanja. Mheshimiwa akasimama juu ya mkeka kama kuku aliyefungwa mguu.

Bi Somoe akamwonyesha kwa kidole. "Kaa chini hapo."

Makalio ya dola yakagusa ardhi. Ilikuwa ya moto. Wanawake wote wa Bondeni waliitazama sura yake wakati yanashuka, na hadi leo wakikosa cha kuwachekesha wanaikumbuka sura ile.

"Matanga yanaanuliwa lini?" akauliza jioni, midomo imepauka.

"Tukila chakula cha shamba la marehemu."

"Leteni basi!"

"Shamba la marehemu lina magimbi, mwanangu. Yamekufa. Labda tupande yaliyobaki. Lakini magimbi bila maji..." Akanyanyua mikono. "Na mimi si wingu."

Amri ilitoka mkekani kabla jua halijazama: bomba lifungwe, litolewe mdomo wake Kitutu. Maji ya Kitutu yalirudi kwa aibu kidogo, kama mtu aliyetoka kufungwa bila kosa. Bi Somoe akayatoa magimbi yake kwenye chungu, akayapanda moja moja, akiyasemesha. Fainali ilirudiwa kwenye uwanja uliobadilika rangi, na vumbi likawa jingi hata magoli yakatangazwa kwa kuulizana.

Magimbi hayaharakishwi. Mheshimiwa aliyatazama asubuhi, akayatazama mchana. Bi Nambaya akamdokezea kwamba yakimwagiliwa vizuri huwahi, na kwamba ndoo ya Bi Somoe ipo polisi, mwizi wa kuku amekwisha kuizoea. Ndoo ikaachiwa siku hiyo hiyo. Kuinuka mkekani hakuthubutu, kwa hiyo alimwagilia amekaa: ndoo katikati ya miguu, anajisukuma kwa makalio tuta hadi tuta, na Tindwa nyuma anauvuta mkeka usimtoke. Wizara ikatoa barua ya kumpandisha kuwa Afisa Mkeka Mwandamizi. Wageni wa ng'ambo walipita kuaga, wakamwona waziri anamwagilia mimea kwa mkono, wakatokwa na machozi, wakataka kumvisha nishani. Bi Nambaya akawahi kuipokea. Akaifunga shingoni mwa kuku wake, yule aliyetamia kwenye kiti cha mahameli.

Majani yakarudi kuwa makubwa. Siku moja mchana, jua limesimama utosini, Mheshimiwa akajisukuma hadi mlangoni kwa Bi Somoe, mweusi kama chungu, amekonda, soksi ya shingo imelegea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona yamekomaa, bibi. Nimeyapapasa. Nakuomba uyachimbe."

Bi Somoe akatoka na jembe. Akainama kwenye tuta la kwanza, akafukua kidogo, akaliona gimbi nene, jeusi, lenye nywele, mtoto wa mbegu ya mama yake. Akalifunika udongo tena, akalipigapiga kwa kiganja.

"Hebu nikaangalie sufuria," akasema. "Kaa chini hapo, nakuja."

Akaingia ndani kwa mlango wa mbele, akatokea wa nyuma.